NENO KATIKA NYUMBA YA MSIBA



Mwalimu mmoja wa shule ya kijijini ametuandikia barua fupi. Auliza hivi: "Mtoto wa darasa langu amefiwa na baba yake. Matanga yakiisha atarudi shuleni. Nimwambie nini?" Tulianza kumjibu mara tatu, na mara tatu tuliichana karatasi. Si kwamba maneno yalitupungukia. Yalikuwa mengi mno, tena yalikuja upesi, na upesi wake ndio uliotutia hofu, kwani tumekwisha kuona madhara ya maneno yajayo upesi katika nyumba ya msiba. Basi twaona yafaa tumjibu hapa, wapate kusoma na wengine. Na kabla ya kumjibu hatuna budi kuungama kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa tuliokuwa tukifundisha, alifariki mtoto wa kike wa miaka minne. Aliugua siku tatu tu. Mama yake alikuwa Mkristo mwaminifu, mwenye desturi ya kuja kanisani kila Jumamosi jioni na ufagio wake, akafagia, akapanga mikeka, akaondoka bila kungoja shukrani. Tukaitwa tuongoze mazishi. Siku zile watu walikuwa wakisema kwamba mwalimu wetu ajua kunena, nasi, Mungu atusamehe, tulipenda kulisikia neno hilo. Tukasimama kando ya kaburi tukanena kwa muda mrefu. Tukasema kwamba Mungu anayo bustani, akapita humo asubuhi, akaona ua lililo zuri kupita yote, akalichuma. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Tukarudi nyumbani tukidhani tumefanya kazi njema.

Mama yule hakuja Jumapili iliyofuata, wala ile ya pili yake. Tulisema, ni huzuni, itapita. Mwezi wa tatu ulipoingia tukaanza kusikia minong'ono. Wengine walisema amerudi kwa waganga. Wengine walinong'ona neno baya zaidi, kwamba yeye mwenyewe akijua kitu kilichomwua mtoto. Wasomaji wetu wa vijijini wajua neno la namna hiyo laweza kufika wapi. Laweza kuvunja ndoa. Laweza kutia moto nyumba usiku. Tena halina mwenyewe; ukiuliza aliyelianza ni nani, kila mtu amelisikia kwa mwingine.

Tukamwendea. Alitukaribisha kwa adabu, akatandika mkeka, akaleta maji ya kunywa. Tukamwuliza sababu ya kutoonekana. Akanyamaza kitambo, kisha akanena, "Mwalimu, siku ile ulisema mengi, wala sikumbuki ila moja. Ulisema Mungu ndiye aliyemchuma. Mimi ninao wengine wawili. Kila nikipiga magoti nimwombe awalinde, nakumbuka kwamba ndiye mchumaji. Basi nitamwombaje?"

Hatukuwa na jibu. Neno lile la ua hatukulipata katika Maandiko. Tulilisikia kwa mtu mwingine, katika mazishi mengine, likatupendeza, tukalibeba kama mtu abebavyo kitu kizuri alichookota njiani. Lingaliweza kusemwa juu ya mtoto ye yote, na kwa hiyo halikumfaa hata mmoja. Wazee husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tulijikwaa ulimi, na jeraha likawa la mwingine.

Tukamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa hatukujua la kusema, tukamwuliza mtoto alikuwa akipenda nini. Akatutazama kama mtu aliyeshtushwa. Akalitaja jina la mtoto, akasema alikuwa akipenda kuku. Kila jioni alisimama mlangoni pa banda akiwahesabu wakiingia, na kila jioni alikosea hesabu, kwa sababu baada ya sita alirukia tisa. Akacheka, kisha akalia sana. Akasema, "Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lake mbele yangu. Watu waogopa." Ndipo tulipokumbuka kwamba jina lile lilisomwa katika sala za kitabu tu. Katika hotuba yetu ndefu hatukulitaja hata mara moja. Tulisema "mtoto huyu", na tulisema "ua". Hapa pia hatuliandiki, kwa maana ni lake na la mama yake.

Usiku ule, tulipokuwa tukirudi, tulikumbuka habari ya kaburi jingine, ambayo imempasa kila mwalimu wa pwani na bara kuijua, kwa sababu imeshikamana na Kitabu tukisomacho kwa Kiswahili.

Mwaka wa 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na C.M.S., chama cha misheni cha Waingereza. Alikuja na mkewe, Rosine. Walikuwa wametoka pande za Uhabeshi, na huko, wakiwa safarini jangwani, Rosine alijifungua mtoto wa kike ambaye aliishi kitambo kidogo tu. Wangaliweza kumzika bila jina. Walimpa jina la Eneba, na maana yake kwa lugha ya nchi ile ni chozi.

Mwezi wa Juni mwaka ule wa 1844, huko Mombasa, Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alisaidiwa na kadhi mmoja wa mji ule. Twapenda wasomaji wasilipite jambo hili kwa haraka: maneno ya kwanza ya Biblia yetu yalitafutwa na Mkristo na Mwislamu walioketi pamoja, mmoja akiuliza, mwingine akijibu kwa subira. Wako watu leo wasioweza kuketi hivyo hata katika matanga ya jirani yao.

Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike. Homa ikamshika, ikamshika na mumewe. Rosine akafariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa amedhoofika kwa homa ile ile. Kaburi likachimbwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, na hata leo lipo katika pande za Nyali. Baadaye aliwaandikia wakubwa wa chama chake habari ya kaburi lile la upweke, akalifanya kuwa dalili ya kwamba mapambano yameanza katika upande huu wa dunia.

Hatutaki kumfanya Krapf kuwa malaika. Alikuwa mtu wa mipango mikubwa kuliko nguvu zake. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii mpaka pwani ya magharibi, na hapakuwa na watu wala afya ya kuutimiza. Kinachotugusa ni kwamba alirudi kwenye kazi ile ya maneno. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilipigwa chapa Marekani mwaka wa 1847, nazo ndizo sehemu ya kwanza ya Biblia kuchapwa kwa Kiswahili. Zisomeni tena, ndugu walimu, mkiwa mnajua habari ya kaburi lile. Katika sura ya kwanza Mungu anena, na kitu kinakuwako. Katika ya pili mwanadamu apewa kazi ya kuviita viumbe majina. Katika ya tatu kuna uchungu wa kuzaa, na kuna mavumbi.

Rafiki yake, Johannes Rebmann, alifika mwaka wa 1846, wakakaa Rabai. Mwaka wa 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya ugonjwa. Rebmann akabaki, akakaa miaka 29 pasipo kuiona nchi ya kwao. Mtoto wake alikufa angali mchanga; mkewe alifariki mwaka wa 1866; macho yake yakafifia hata akawa kipofu. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza wao, Mringe, alikuwa kiwete, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Mtu apendaye hesabu kubwa angesema ni kazi iliyopotea. Walakini miaka ile yote Rebmann alikuwa akiuliza maneno na kuyaandika.

Kati ya watu aliowauliza alikuwako mtumwa mmoja, jina lake Salimini. Huyu alitekwa katika nchi za Ziwa Nyasa, akauzwa, akaletwa pwani. Rebmann akaketi naye, akimwuliza: kwenu kitu hiki chaitwaje? Na hiki je? Kitabu cha maneno ya lugha ile kilichapwa mwaka wa 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia, na aliyekitengeneza kwa ajili ya kuchapwa ni Krapf, ambaye wakati huo alikuwa mzee. Maelfu kwa maelfu ya watu walipitishwa katika njia zile za watumwa, na majina yao hatuyajui. La Salimini tunalo. Hatusemi kwamba kuulizwa ni sawa na kukombolewa. Lakini fikirini mtu aliyeuzwa kama mbuzi, ambaye kutwa kucha huambiwa maneno ya amri tu, aketi chini ya mti, na mwingine atake kujua kwa lugha ya mama yake maji huitwaje, moto huitwaje, na mama mwenyewe huitwaje.

Twadhani hapa ndipo lilipo jibu la swali la mwalimu wetu, ingawa latokea mbali. Sisi waalimu tumezoea kufikiri kwamba nguvu ya neno iko katika kulitoa. Katika nyumba ya msiba, mara nyingi nguvu yake iko katika kuliuliza, na kulipokea, na kulishika.

Tazameni Maandiko. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema katika habari yao yote: waliketi naye chini siku saba, wala hawakunena. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu awakasirikia wao waliomtetea, si Ayubu aliyelalamika. Tena tazameni Injili ya Yohana, sura ya 11. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wamwambia Bwana neno lile lile juu ya ndugu yao. Kwa Martha Bwana anena juu ya ufufuo. Kwa Mariamu alia machozi. Ni msiba mmoja, na maneno ya wafiwa ni yale yale, lakini hakuwapa jibu moja, kwa kuwa walikuwa watu wawili. Kisha akalikaribia kaburi, akamwita maiti kwa jina lake. Na katika sura ya 20 ya Injili hiyo, Mariamu Magdalene alisimama bustanini akidhani anasema na mtunza bustani, mpaka alipoitwa jina.

Tumeulizwa mara nyingi: je, sala zilizoandikwa, na Zaburi, si maneno ya watu wengine pia? Kama neno la kuokota halifai, mbona twasoma kitabuni? Swali hili ni zuri. Sisi twaona kwamba maneno yale hayakuokotwa. Yamepita katika vinywa vya watu waliolia. Isomeni Zaburi ya 13, mwone jinsi mwenye kuomba amwulizavyo Mungu ataendelea kumsahau mpaka lini. Hakupamba. Mama yule aliyetuuliza, "Nitamwombaje?" alikuwa karibu na Zaburi kuliko sisi na bustani yetu. Laiti tungalimwonyesha siku ya kwanza kwamba swali lake limo Kitabuni, na kwamba kuuliza hivyo ni kuomba, huenda asingalikaa nyumbani miezi mitatu akidhani ameasi. Ndiyo sababu twawasihi wazazi wawafundishe watoto Zaburi katika siku za afya, mmoja mmoja, kwa moyo. Siku ya homa si siku ya kufundishwa maneno mapya.

Na wazee wetu wa pwani hawakukosa hekima katika jambo hili. Walipomwendea mfiwa walikuwa na neno moja: Makiwa. Neno hili ni ndugu wa ukiwa na mkiwa, yaani hali ya mtu aliyeachwa peke yake. Halielezi sababu ya kifo, halimtetei Mungu, halimwahidi mtu kitu. Lakubali tu kilichotokea, kisha msemaji aketi. Siku hizi twasema "Pole", nayo yatosha, kama anayeisema ataketi pia, asiondoke mara moja kwenda kuzungumza habari za bei za mahindi pale nje. (Na wanaume ndio wenye mchezo huu zaidi. Wanawake huingia ndani, wakashika mtungi na jembe na mtoto wa mwenzao, nasi twabaki chini ya mwembe tukingoja chakula.)

Labda mtauliza ile minong'ono iliishaje. Haikuisha siku moja. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watu, tukasema kwamba katika mazishi yale tulimsingizia Mungu neno asilolinena, na kwamba mama yule alikaa nyumbani kwa sababu yetu. Ilikuwa vigumu. Mzee mmoja wa kanisa alikasirika, akasema mwalimu akijishusha hivyo watu hawatamheshimu. Hatujui kama alikosea sana. Kwa muda heshima ilipungua kweli. Kisha tukaenda katika nyumba tatu tulizozijua, tukauliza kwa upole, bila kugombana: neno hili mmelipata wapi? Katika nyumba ya tatu mtu aliinamisha kichwa. Mama mwenyewe hakurudi mara moja. Jumamosi moja, wakati wa masika, tulikuta kanisa limefagiwa na mikeka imepangwa, nasi hatukuuliza ni nani.

Sasa mwalimu wetu. Jibu letu kwake tumekwisha kulipeleka, nalo ni fupi. Tumemwambia asiwaamuru watoto wa darasa wamwimbie yule mwenzao siku ya kwanza, wala asimsimamishe mbele. Amngoje mlangoni, amwite kwa jina lake, amwambie pole, na kwamba mahali pake pa kukaa pamewekwa. Awakanye wengine mapema, kabla hajafika, juu ya neno la "yatima", ambalo watoto hulitumia kama jiwe wanapogombana kwenye mpira. Baada ya siku kadhaa, wakiwa peke yao, labda wakimwagilia bustani ya shule, amwulize baba yake alikuwa fundi wa kazi gani, na alikuwa akimwitaje mtoto wake nyumbani. Mtoto akijibu, mwalimu asikilize. Asipojibu, waendelee kumwagilia.

Tena tumemwomba atuandikie jinsi ilivyokuwa. Barua yake ikifika, na akitupa ruhusa, tutawapa habari katika mwezi utakaofuata.